Sangara, Mshipi na Mto: Historia ya Uvuvi wa Mashindano Upande wa West Nile

Mwaka mmoja tulipokuwa tukisahihisha insha za mwaka wa kwanza, tulikutana na sentensi iliyotusimamisha: siku ya sikukuu nyumbani walikula mamba, na babu akapewa kichwa. Mwandishi alikuwa kijana wa Arua aliyelelewa Kampala. Mwenzetu aliyekuwa akisaidia kusahihisha alikwisha kutia wino mwekundu na kuuliza ubavuni, “Mamba yupi huyo? Mmempata wapi?” Kijana alipoitwa akajibu kwa upole, “Mwalimu, mamba ninayemsema mimi ni samaki.” Alikuwa na haki yake. Katika Kiganda, mmamba ni yule samaki mrefu apumuaye kwa mapafu, ambaye wenzetu wa Kenya na Tanzania humwita kamongo. Tukamrudishia alama zake, ila tukabaki na aibu kidogo, kwa kuwa tuligundua kwamba sisi wenyewe tusingeweza kumtajia majina ya Kiswahili ya samaki watano wa Nile bila kufungua kamusi.

Kisa hicho ndicho kilichotupeleka mtoni. Vitabu vingi tunavyovitumia viliandikwa na watu walioitazama pwani. Mwanafunzi wa Koboko hukaririshwa papa, pweza, ngalawa na pepo za kusi kabla hajaambiwa lolote juu ya angara, samaki anayemwona sokoni amekaushwa kwa moshi, ameletwa na lori kutoka Panyimur. Koboko yenyewe haina ziwa. Iko mpakani, Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine, na samaki hufika huko akiwa safarini kama abiria wengine. Hata hivyo hufika, huuzwa, hubishaniwa bei, na sehemu kubwa ya ubishi huo hufanyika kwa Kiswahili. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, suala hili limeacha kuwa la wapenzi wachache wa lugha. Mwalimu atakayesimama mbele ya watoto arobaini wa Koboko atahitaji maneno ya maji wanayoyajua wao.

Tulichagua jambo dogo la kuanzia: uvuvi wa mashindano katika maji baridi, yaani ule wa watu wenye mashua, ufito na mshipi mwembamba, ambao huvua ili kushindana na samaki na kushindana wao kwa wao, chungu kikiwa hakipo katika hesabu. Tulitazamia kupata ukurasa mmoja wa msamiati. Tulichokipata ni historia, tena ya kusikitisha mahali pengine.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana wasomaji wetu wengi tunaamini hawajauona. Mvuvi wa kazi hutaka mshipi usiokatika. Mvuvi wa mashindano hutaka mshipi unaoweza kukatika, na hapo ndipo penye utamu wake. Shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi huu, IGFA, liliundwa mwaka 1939, na rekodi zake hupangwa kwa nguvu ya mshipi: kuna daraja la kilo 1, la kilo 2, la kilo 4 na kuendelea. Samaki wa kilo 20 aliyevuliwa kwa mshipi wa kilo 4 ana heshima yake, hata kama jirani kavua wa kilo 60 kwa mshipi mnene. Kanuni nyingine ni kwamba tangu samaki anapokamata chambo, mtu mmoja tu ndiye anayeshika ufito hadi mwisho. Mwingine akiugusa, hesabu imeharibika. Kwa hiyo mvuvi hawezi kumvuta samaki kwa mabavu. Humwachia mshipi akimbie, humkaza anapopunguza mwendo, humwachia tena, na mashua nayo humfuata taratibu. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima.

Mashindano makubwa ya aina hii yana asili ya Marekani. Juni 1967, mwuza bima mmoja wa Alabama aitwaye Ray Scott alikusanya wavuvi 106 kwenye ziwa la Beaver huko Arkansas, kila mmoja akilipa ada ya kuingia, wakashindania samaki aitwaye bass. Mwaka uliofuata akaunda chama, na mwaka 1972 akaanza kuwahimiza washindani wasiue samaki bali wampime na kumrudisha majini. Ndugu msomaji asidhani kwamba samaki huyo ni wa mbali sana. Aliletwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, na wazao wake wangalimo. Walowezi wa Kenya walikuwa na tabia hiyo ya kuhamisha samaki ili wapate mchezo. Tangu mwaka 1905 walikwisha kutia trauti katika mito ya milimani. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kuigusa Nile yetu, lakini kwa mwelekeo wa kinyume: hapa hawakuleta samaki, walimchukua.

Nile ya Albert hutoka kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, hupita Pakwach, Wadelai, Rhino Camp, Obongi na Laropi, kisha huingia Sudan Kusini hapo Nimule. Ni mto mpana, mpole, wenye mafunjo kingoni na visiwa vya majani vinavyoelea. Mvuvi wa mashindano hupendezwa na samaki wake wawili. Mmoja ni ngasa, ambaye ana meno kama msumeno na hukata mshipi wowote usiofungwa kipande cha waya karibu na ndoana. Wa pili ni mkubwa wao wote, yule ambaye wataalamu humwita Lates niloticus. Rekodi ya dunia ya huyu ni kilo 104, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Kwa wanaokaa Arua, samaki huyo ni mputa.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo kwenye neno, maana ndiyo kazi yetu. Uganda twasema mputa. Kisumu wanasema mbuta. Mwanza wanasema sangara, na hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili cha vitabu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika walikuwa na jina sangala kwa ndugu wa samaki huyu waishio katika ziwa lao, na masikio yetu yanatuambia kwamba sangara na sangala ni neno moja lililosafiri. Ukivuka mpaka kutoka Arua kwenda Kongo utakuta wasemao Kifaransa wakimwita capitaine, kana kwamba ana mashua yake. Majina manne au matano kwa samaki mmoja si ajabu kwetu Afrika Mashariki. Ila tazama hili: samaki huyu alikuwako Nile na Ziwa Albert tangu kale, lakini Mwanza na Kisumu hakuwako kabisa hadi katikati ya karne ya ishirini. Jina linalotawala kamusi limetoka upande wa wageni wake, huku jina la wenyeji wake likibaki la sokoni.

Alifikaje huko? Kilichomzuia kwa maelfu ya miaka ni maporomoko ya Murchison, mahali ambapo Nile nzima inabanwa katika mwanya wa mita kama 7 na kuanguka mita 43. Samaki wa chini hawezi kupanda. Mwaka 1929 wataalamu wawili wa Kiingereza waliokuwa wamechunguza maziwa yetu waliandika ripoti, na hawakukubaliana. E. B. Worthington alilitazama wazo la kumhamishia samaki huyu maji ya juu kwa macho ya kutaka faida. Michael Graham, aliyechunguza Ziwa Viktoria, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine ni hatari kubwa. Onyo likakaa kwenye makabati. Miaka ya 1950 Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Uganda ilikuwa chini ya Bruce Kinloch, mtu aliyependa ufito na mshipi, na ndani ya idara hiyo hoja mbili zilikwenda pamoja: kwamba vijisamaki vidogo vya ziwa vigeuzwe kuwa nyama ya samaki mkubwa, na kwamba wavuvi wa mchezo wapate windo la maana karibu nao. Ziwa Kyoga likatiwa sangara kuanzia katikati ya miaka hiyo. Kuhusu Ziwa Viktoria, mtafiti Robert Pringle alichapisha mwaka 2005 ushahidi wa ofisa mmoja wa zamani wa idara hiyo, J. Ofulla Amaras, Mkenya, aliyeeleza kwamba aliwatia samaki hao ziwani hapo Jinja mwaka 1954 kwa maagizo ya wakubwa wake. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alikuwa bado akiandika kupinga pendekezo hilo, wakati samaki walikwisha kuwamo majini miaka sita! Utiaji wa hadharani ulifanywa mwaka 1962 na 1963.

Yaliyofuata yanajulikana: sangara walijaa miaka ya 1980, viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na aina nyingi sana za samaki wadogo wasiopatikana popote pengine duniani zikatoweka. Hatutayarudia. Tunataka tu mwanafunzi wa West Nile ajue kwamba samaki aliyebadilisha maisha ya watu milioni kadhaa kule kusini alichukuliwa katika maji ya kwao, na kwamba mapenzi ya watu fulani kwa mchezo wa mshipi yalikuwa miongoni mwa sababu.

Tukirudi nyuma kidogo, mchezo huu ulitanguliwa na mwingine. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Nile kwa boti kutoka Butiaba akapiga kambi Rhino Camp kwa majuma kama matatu. Wakati huo ng’ambo hii ya magharibi iliitwa Lado, na ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mkataba wa mwaka 1894. Leopold alikuwa amefariki Desemba 1909, hivyo nchi ilikuwa ikingoja kurudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yetu ikaunganishwa na Uganda. Roosevelt alifuata vifaru weupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa. Leo kifaru yule wa kaskazini amebaki majike wawili tu duniani, nao wako Kenya. Jina la mahali limebaki limeandikwa kwenye vibao vya barabarani, na watoto wa hapo wakiulizwa maana yake hutazamana.

Tumemtaja Roosevelt kwa sababu alituachia mtindo. Mgeni huja kwa mashua, wenyeji humwonyesha mnyama alipo, mgeni hupata nyara, kisha mgeni huandika kitabu. Wavuvi wa mshipi waliokuja baadaye hapo Paraa, hasa baada ya hifadhi ya Murchison kutangazwa mwaka 1952, walifuata mtindo uleule. Jina linaloandikwa kwenye daftari la rekodi ni la aliyeshika ufito. Aliyeshika usukani haandikwi.

Mmoja wa hao wasioandikwa tulimkuta Rhino Camp miaka kadhaa iliyopita, tulipokwenda na wanafunzi kumi na wawili kukusanya maneno. Hatutamtaja jina. Alikuwa mzee sana, mwenye macho makali, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi la zamani, ambacho wazee wengi wa Arua na Koboko walikipata kambini au walikirithi kwa baba zao waliotumika katika King’s African Rifles. Katika ujana wake, miaka ya 1960, alikuwa akiendesha mashua ya wageni upande wa hifadhi. Wanafunzi walimwamkia “Shikamoo, mzee,” naye akacheka, akasema neno hilo hulisikia redioni. Tukakaa chini ya mwembe.

Tulimwuliza juu ya mashindano. Akasema yalikuwako, ila hayakuwa na kikombe wala bendera: wageni wa mashua mbili au tatu waliwekeana dau asubuhi, na jioni samaki wakapimwa kwenye mizani hapo gatini. “Mimi najua mahali samaki inakaa. Yeye inajua kushika fimbo tu,” alisema. (Upatanisho wa sarufi tumeuacha kama alivyoutoa. Mwanafunzi mmoja alitaka kumsahihisha tukamkanyaga mguu.) Alitueleza kwamba samaki mkubwa hukaa pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, akingoja wadogo waletwe na mkondo. Mwenye mashua alipaswa kuiachia ichukuliwe na maji pembeni ya mpaka huo, injini ikiwa kimya, bila kuingia ndani yake. Kosa la hatua kumi lilitosha kuharibu asubuhi nzima. Waswahili husema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kwetu hakuna pweza, lakini elimu ni hiyo hiyo.

Kisha akatupa neno ambalo lilitufaa kuliko yote tuliyoyabeba siku hiyo. Sisi tulikuwa tumeandaa kuvuta kwa tendo lile la kupambana na samaki aliyekwisha kunasa. Mzee akatikisa kichwa. “Usivute. Mchoshe.” Kumchosha samaki: ndiyo mchezo mzima katika neno moja, tena neno la Kiswahili safi ambalo kila mtoto analijua.

Tulipomwuliza kama alikuwa akifurahia kazi hiyo, alijibu kwa jambo ambalo hatukulitarajia. Zamani, alisema, samaki akishapimwa na kupigwa picha alikuwa wa wenye mashua. Waligawana, wakakausha, wakapeleka nyumbani. Wajukuu wake humwambia kwamba siku hizi mgeni humbusu samaki na kumrudisha majini. “Ni vizuri, samaki haiishi. Lakini ile samaki ilikuwa yetu.”

Tumelifikiria jibu hilo mara nyingi. Wote tunaosoma gazeti hili tunajua kumrudisha samaki ni jambo la busara, na tungelifundisha darasani bila wasiwasi. Lakini kutoka Pakwach ukitazama ng’ambo unaiona hifadhi. Mgeni mwenye kibali alicholipia kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda huvua humo kwa ufito. Mvuvi wa upande huu akivuka na wavu wake hukamatwa. Samaki ni yuleyule, maji ni yaleyale. Sheria ina sababu zake, na wavu wa matundu madogo humaliza samaki kweli. Mwaka 2017 serikali ilifika hata kupeleka jeshi kwenye maziwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo mwalimu atakayetoa zoezi la ufahamu juu ya “uvuvi wa michezo” huko West Nile ajiandae kwa maswali, maana darasani atakuwamo mtoto ambaye nyavu za baba yake zilichomwa moto.

Kwa nini basi mashindano haya hayakushika mizizi upande wetu? Vita ndilo jibu fupi. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980. Miaka ya 1990 yakaja makundi ya waasi upande huu, na ng’ambo ya mto waasi wa LRA wakaifanya barabara ya Karuma na Pakwach kuwa ya hofu. Mkataba wa amani na UNRF II ulitiwa sahihi Yumbe Desemba 2002. Hakuna mtu anayeandaa mashindano ya mshipi mwembamba mahali ambapo basi husindikizwa na askari. Jambo la ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo ya taabu ndiyo iliyokipa Kiswahili watu wengi, kwa kuwa waliokimbilia Kongo walirudi nacho. Agizo la Amin la mwaka 1973 la kukifanya Kiswahili lugha ya taifa lilifanya kazi ndogo kuliko uhamisho huo.

Sasa msamiati. Kwa fimbo ya kuvulia tunapendekeza ufito, ingawa mzee alisema fimbo na alieleweka. Mshipi na ndoana havina mgogoro. Chambo ni chambo, na kile cha bati au plastiki kinachomdanganya samaki ni chambo bandia. Risasi inayozamisha mshipi ni chubwi, neno zuri la pwani ambalo wanafunzi wetu walilipenda kwa mlio wake tu. Kinachoelea ni chelezo. Kile kigurudumu cha kukunjia mshipi mzee alikiita mashine, nasi hatukupata jina bora. Samaki mwenyewe aandikwe sangara, na mara ya kwanza anapotajwa kitabuni mwalimu aongeze mputa, bila haya na bila kuomba radhi. Ngasa na angara waachwe kwa majina yao. Kamongo aelezwe vizuri, kwa faida ya yule kijana wetu.

Jioni tulipokuwa tukirudi kwenye basi, vijana wa hapo walitufuata. Mmoja, aliyekuwa amesikiliza mazungumzo yote akiwa ameegemea mtumbwi, alituuliza kama ni kweli kwamba huko Marekani mtu hulipwa fedha kwa kuvua samaki na kumwachia. Tukasema ni kweli. Akauliza mshipi wao ni wa kilo ngapi. Tukamwambia. Akaufunua mkono wake akatuonyesha kovu la mshipi lililopita viganja viwili, akasema yeye alipata mputa wa kumzidi urefu, usiku, peke yake, kwa mshipi wa mkononi bila ufito wala mashine. Tulimwuliza alimchosha kwa muda gani. Hakuwa na saa, alisema, ila alinasa mwezi ukiwa juu ya mafunjo ya ng’ambo, na alipomtia mtumbwini mwezi ulikuwa umekwisha kuzama.